Kiingereza darasani: mwalimu wa Goma anaweza kukamata nini kwa watafiti?

"I am, you are, he is." Ukipita asubuhi karibu na shule ya sekondari, ikuwe Katindo, Ndosho ama Majengo, utasikia huo wimbo. Watoto wanaimba kwa nguvu, mwalimu anagonga tablo na fimbo, na kila kitu kinaonekana kutembea muzuri. Lakini simamisha mmoja wao saa sita, wakati wanatoka, umuulize kwa Kiingereza anaishi wapi. Atacheka, ataangalia mwenzake, kisha atakimbia.

Mimi ninayeandika hii habari nilipita njia ile ile. Nilisoma sekondari hapa mjini, na kila mwaka Kiingereza nilikuwa ninapata pointi nzuri. Kisha nikaanza kazi ya redio. Siku moja nikatumwa kwenye mkutano wa wanahabari ambako afisa mmoja mgeni alikuwa anaongea Kiingereza tu. Swali nilikuwa nalo, tena lilikuwa swali la maana juu ya usalama wa wakulima wa kwetu. Verbe zote zilikuwa kichwani, present, past na future. Mdomo ukakataa. Mwenzangu aliyekulia ukimbizini Uganda njo aliuliza kwa nafasi yangu, na swali lake halikuwa lile langu.

Siwezi kumlaumu mwalimu wangu. Tulikuwa zaidi ya 60 darasani, kitabu kilikuwa kimoja, na hicho kimoja kilikuwa cha kwake. Alifundisha vile na yeye alifundishwa. Lakini tangu ile siku ninajiuliza: wale watu ambao kazi yao ni kuchunguza namna watoto wanajifunza lugha ya ugenini, wamevumbua nini? Na katika vile walivumbua, ni nini mwalimu wa Goma anaweza kutumia kesho asubuhi, bila mradi, bila kompyuta, bila kungoja mtu wa Kinshasa? Hii makala inajaribu kujibu.

Kwa nini swali hili ni la leo

Goma inakaa kwenye mpaka. Kila siku watu wanavuka Petite Barrière kwenda Gisenyi na kurudi. Ngambo ile, serikali ya Rwanda iliamua mwaka 2008 kuacha Kifaransa kama lugha ya kufundishia na kuingiza Kiingereza. Kaskazini, mfanyabiashara anayepita Bunagana kwenda Kampala anakutana na karatasi za Kiingereza. Mwaka 2022 Kongo yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka ule ule, Jumuiya ikakubali Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha zake rasmi pamoja na Kiingereza. Hiyo ni heshima kwetu, lakini karatasi nyingi za forodha na za biashara bado zinaandikwa kwa Kiingereza.

Kuna tena kazi. Matangazo ya kazi ya ma-ONG mara nyingi yanaomba Kifaransa na Kiingereza, hata kwa dereva ama mlinzi wa stoo. Kijana wa hapa anayekosa Kiingereza anaona nafasi inachukuliwa na mtu aliyetoka mbali. Na kuna Exetat: siku ya lugha, maswali ya Kiingereza yanakuja pamoja na ya Kifaransa, na pointi zake zinahesabiwa.

Kwa hiyo wazazi wanasukuma. Masomo ya jioni ya Kiingereza yamejaa katika kila kartie. Mwenye pesa anamlipia mtoto, asiye na pesa anategemea ile saa chache za shuleni. Kama saa zile zinapotea kwa kuimba tu, anayepoteza ni mtoto wa maskini.

Mtoto wa Goma haanzi na sifuri

Jambo la kwanza watafiti wanatuambia linashangaza wazazi wengi: lugha ambazo mtoto anazo tayari si mzigo, ni mtaji.

Angalia mtoto wa hapa. Nyumbani anasikia Kihunde, Kinande, Mashi ama Kinyarwanda. Njiani na sokoni ni Kiswahili. Darasani ni Kifaransa. Kiingereza kinakuja kuwa lugha ya tatu ama ya nne. Watu wengine wanasema kichwa chake kitachanganyikiwa, na kuna shule ambako anayeongea Kiswahili katika kiwanja anapewa adhabu.

Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alianza kuandika juu ya jambo hili katika miaka ya 1970. Anasema lugha za mtu mmoja haziko kama mitungi miwili tofauti, kwamba ukijaza huu ule unapungua. Chini kabisa zinakutana. Mtoto aliyekwisha kuelewa ni nini "kabila la mimea" ama "sehemu ya nusu" kwa Kiswahili hatajifunza tena lile wazo kwa Kiingereza, atajifunza jina lake tu. Aliyejua kusoma katika lugha moja hatajifunza kusoma mara ya pili.

Cummins alitenganisha tena vitu viwili ambavyo sisi tunachanganya. Kuna lugha ya kuongea kila siku: salamu, bei, wapi, lini. Hiyo, mtoto anayeishi katikati ya watu wanaoiongea anaipata kwa miaka kama 2. Kuna lugha ya masomo: kueleza sababu, kulinganisha, kuandika muhtasari. Hiyo inaomba miaka 5 mpaka 7, hata kwa watoto waliohamia Kanada ambao wanasikia Kiingereza kutoka asubuhi mpaka usiku. Sasa piga hesabu ya mtoto wetu mwenye saa chache kwa juma. Mzazi anayetaka mtoto aongee "kama Mwamerika" kisha miezi mitatu ya masomo ya jioni, anaomba kitu ambacho hakuna mwalimu anaweza kutoa.

Majirani walijaribu, tusome kwao

Tanzania ina historia ndefu kwa jambo hili. Kule, mtoto wa shule ya serikali anasoma msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari anaingia Kiingereza kwa masomo yote. Mwaka 1984 watafiti wawili, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi. Walikuta kwamba hata wale wa kidato cha nne, kama 10 tu kwa 100 ndio walikuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angeweza kuanza kufundishwa kwa Kiingereza. Wengine walikuwa wanakopi tablo bila kuelewa.

Kuanzia mwaka 2002, watafiti wa Tanzania, Afrika ya Kusini na Norway walifanya kazi pamoja katika mradi uliojulikana kama LOITASA. Walikamata somo moja la sayansi, madarasa mengine wakafundisha kwa Kiswahili, mengine kwa Kiingereza. Katika darasa la Kiswahili watoto waliuliza, walibishana, walijibu. Katika darasa la Kiingereza walinyamaza, na mwalimu alikuwa anaongea peke yake. Martha Qorro, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameeleza mara nyingi kosa liko wapi: watu wanafikiri ukifundisha hesabu na sayansi kwa Kiingereza, mtoto atajua Kiingereza. Lakini njia ya kujua Kiingereza ni kukifundisha muzuri kama somo, na mwalimu anayekijua.

Rwanda nayo ilipita pagumu. Kisha ya uamuzi wa 2008, walimu waliozoea Kifaransa walijikuta wanapaswa kufundisha kwa lugha ambayo wengi wao walikuwa wanajifunza wenyewe. Mwaka 2011 madarasa ya kwanza ya primeri yalirudishwa kwa Kinyarwanda, na mwisho wa 2019 serikali ikatangaza tena Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kwenda na kurudi namna hiyo kunaonyesha kitu kimoja: amri inaweza kubadilishwa siku moja, lakini mwalimu hawezi kubadilishwa siku moja.

Kwetu, Kiingereza ni somo, si lugha ya kufundishia. Kufuatana na Qorro na wenzake, hiyo siyo bahati mbaya. Inabaki kulifundisha lile somo muzuri.

Kuna kitu kingine kizuri kilichotoka Tanzania. Watafiti wa kule, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walitengeneza vitabu vya sekondari vyenye kusaidia lugha. Sentensi ni fupi, maneno magumu yanaelezwa kwa Kiswahili, na mtoto anaruhusiwa kuzungumza jambo kwanza na mwenzake kwa Kiswahili mbele ya kuliandika kwa Kiingereza. Kiswahili kinakuwa ngazi. Ukifika juu unaiacha, lakini hakuna anayepanda bila ngazi.

Vitu sita mwalimu anaweza kujaribu

Sasa tuingie darasani. Hivi ndivyo nilivyoona vinaweza kusimama hata katika chumba cha mbao chenye watoto 60.

*1. Maneno mbele, tena maneno ya kila siku.* Michael West alikuwa Mwingereza aliyefundisha Bengali, katika madarasa yaliyojaa. Mwaka 1953 alitoa orodha ya maneno kama 2,000 ambayo yanarudi zaidi katika Kiingereza. Tangu pale watafiti wengine, kama Paul Nation wa New Zealand, wameonyesha kwamba maneno hayo machache yanabeba sehemu kubwa ya maandiko ya kawaida. Kwa hiyo mwalimu mwenye saa chache asianze na maneno ya mapambo. Aanze na "water", "give", "because", "yesterday".

Kwa mtoto wa Kongo kuna bonasi: Kifaransa. Maneno kama "nation", "animal", "important", "fruit" tayari anayajua kwa macho. Mwalimu akitumia siku moja tu kuyakusanya, mtoto ataona kwamba anajua mamia ya maneno bila kujifunza. Lakini aonyeshe na mitego. "Library" si duka la vitabu kama librairie, ni mahali pa kuazima vitabu. "Actually" haisemi "sasa hii" kama actuellement, inasema "kwa kweli". Na Kiswahili kina mtego wake: sisi tuna "yeye" moja tu, njo maana mtoto anasema "my mother, he is at the market". Si ujinga, ni Kiswahili kinachoongea ndani yake. Mwalimu akieleza hivyo wazi, kosa linapungua haraka kuliko kwa fimbo.

*2. Kusoma, hata hadithi za watoto wadogo.* Utafiti mmoja unastahili kujulikana na kila prefe. Mwanzo wa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walienda katika shule za kijijini za Fiji, visiwa maskini ambako nyumba nyingi hazikuwa na kitabu. Walipeleka hadithi za Kiingereza zenye picha katika shule 8, kwa wanafunzi 380 wa darasa la nne na la tano. Madarasa mengine mwalimu alisoma pamoja na watoto na kuzungumza nao juu ya hadithi. Mengine watoto walisoma kimya. Shule zingine 4 ziliendelea na mazoezi ya kawaida ya kurudilia sentensi. Kisha ya miezi 8, wale wa hadithi walikuwa wameendelea mara mbili zaidi kwa kusoma na kwa kusikiliza. Kisha ya miezi 20 tofauti ilikuwa imeongezeka tena, na ilikuwa imegusa hata mambo mengine ya lugha.

Utasema: Goma tutatoa wapi hadithi? Ziko hadithi za bure za mradi unaoitwa African Storybook, katika Kiingereza, Kifaransa, Kiswahili na lugha nyingi za Afrika. Mwalimu mwenye simu moja na megabaiti kidogo anaweza kupakua hadithi fupi, kuiandika kwa tablo ama kwenye karatasi kubwa, na darasa nzima likaisoma. Hadithi moja kwa juma ni zaidi ya 30 kwa mwaka. Na watoto wenyewe wanaweza kuandika hadithi za kwao, za shangazi mwenye kuuza makala, ama za chukudu iliyokosa breki pale Sake. Zikikusanywa na kushonwa pamoja, hiyo ni biblioteki.

*3. Kukumbuka kunajengwa kwa kuulizwa.* Tunazoea kusema "rudilia kusoma". Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, kule Marekani, walipatia wanafunzi maandiko ya kusoma. Kundi moja lilisoma tena na tena. Kundi lingine lilisoma, kisha likafunga karatasi na kuandika linachokumbuka. Dakika 5 mbele, waliorudilia kusoma walikuwa juu. Juma moja mbele, ilikuwa kinyume: waliojilazimisha kukumbuka njo walibaki na mengi.

Darasani, hii ni dakika 5 za mwanzo. Kaye zimefungwa, mwalimu anauliza maneno 5 ya jana, 3 ya juma lililopita, 2 ya mwezi uliopita. Bila pointi, bila kupiga. Makosa hayana shida, kazi ni kutafuta ndani ya kichwa. Na kurudia kugawanywe: dakika 10 mara sita ni bora kuliko saa nzima mara moja. Wauzaji wetu wa Birere wanajua hii. Hakuna aliyejifunza kuhesabu franka na dola kwa siku moja. Walijifunza kila siku kidogo.

*4. Ngoja sekunde 3.* Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alirekodi walimu katika miaka ya 1970. Alikuta kwamba kisha ya kuuliza swali, mwalimu wa kawaida anangoja kama sekunde 1 tu. Mtoto akinyamaza, anaitwa mwingine ama mwalimu anajijibu. Walimu waliojifunza kungoja sekunde 3 ama zaidi walipata majibu marefu, na kutoka kwa watoto wengi zaidi, hata wale wa nyuma. Mtoto wetu anayeulizwa kwa Kiingereza anasikia swali, analipeleka kwa Kifaransa ama Kiswahili, anatafuta jibu, analirudisha. Sekunde 1 haimtoshi. Hili halihitaji pesa. Linahitaji mwalimu ahesabu pole pole ndani ya moyo: moja, mbili, tatu.

*5. Kusahihisha bila kuua sauti.* Mtoto akisema "Yesterday I go to Mugunga", tunafanya nini? Wengine wanachekelea, wengine wanapiga. Wapole wanarudilia wenyewe: "Yes, you went to Mugunga", kisha wanaendelea. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza mwaka 1997 madarasa ya Kanada ambako watoto wa Kiingereza walikuwa wanajifunza kwa Kifaransa. Ile njia ya tatu, ya kurudilia sentensi ikiwa sahihi, njo walimu waliitumia zaidi. Lakini mara nyingi mtoto hata hakutambua kwamba amesahihishwa. Kilichosaidia zaidi ni kumuacha ajisahihishe: "Yesterday I…?" na kungoja. Anayetafuta "went" mwenyewe anaibakiza.

Tena si kila kosa. Mtoto akiwa anaeleza namna walikimbia vita, hiyo siyo saa ya kumkata kwa sababu ya wakati uliopita. Andika makosa pembeni, yazungumze na wote mwishoni, bila kutaja jina.

*6. Darasa kubwa si lazima liwe darasa la kimya.* Hapa tusikilize Mwafrika mwenzetu. Kuchah Kuchah, wa Cameroun, alifundisha Kiingereza kaskazini mwa nchi yake katika darasa la wanafunzi zaidi ya 200, katika joto kali na vitabu vichache sana. Pamoja na Richard Smith wa Chuo Kikuu cha Warwick, mwaka 2011 alieleza alivyofanya. Alikaa na wanafunzi, wakakubaliana sheria za darasa pamoja. Akawagawanya kwa vikundi, akawatuma kutafuta wenyewe maandiko ya Kiingereza na kuyaleta darasani. Kitabu kilichokosekana kikatoka mikononi mwa watoto.

Goma Kiingereza kimelala kila mahali: kwenye mfuko wa unga, kwenye karatasi ya dawa, kwenye chupa ya mafuta, kwenye tangazo la simu, kwenye gari lililotoka Mombasa. Kila mtoto alete karatasi moja, wawili wawili wasome, wamweleze jirani. Kama kila mmoja wa watoto 60 anangoja zamu ya kuongea na mwalimu, anapata chini ya dakika moja kwa saa. Wakiongea wawili wawili kwa dakika 10, kila mmoja anapata kama dakika 5. Kelele itakuwa, ndiyo. Mweleze prefe mapema.

Yale ambayo utafiti hautatua

Tusidanganyane. Utafiti mwingi umefanywa mahali ambako mwalimu analipwa mwisho wa mwezi, na ambako shule haifungwi kwa sababu ya risasi. Hapa, tangu elimu ya msingi ya bure ianze Septemba 2019, madarasa ya primeri yalifurika, na wale watoto sasa wanapanda sekondari. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021 na kuhamisha mji. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia Goma, shule zikafungwa, kisha zikafunguliwa tena na viti vingine vikiwa wazi. Kuna shule ambako wakimbizi walilala kwenye madarasa. Kuna walimu ambao mshahara umekuwa kitendawili, tangu benki zifunge milango.

Mwalimu anayetembea kwa mguu kutoka Kyeshero mpaka mjini bila chai, ukimwambia "ngoja sekunde 3", anaweza kukuangalia vibaya. Ana haki. Hakuna mbinu inayochukua nafasi ya mshahara, ya kitabu, ya usalama. Wanaoandika ripoti juu ya "ubora wa elimu" wakisahau hayo, wanaongea hewa.

Kuna tena Exetat yenyewe. Maswali yake ni ya kuchagua jibu, hayapimi kama mtoto anaweza kuongea ama kuandika barua. Mwalimu anayepoteza muda kwa mazungumzo anaogopa kwamba watoto watashindwa mtihani na wazazi watamlaumu. Lakini matokeo ya Fiji yanatoa jibu kidogo: waliosoma hadithi hawakuachwa nyuma katika mambo mengine ya lugha. Mtoto aliyesoma sana anatambua jibu sahihi, hata kama hawezi kutaja kanuni yake.

Na mwisho, walimu wenyewe wanahitaji kusaidiana. ISP Goma inatoa walimu wa Kiingereza, lakini mara wakishafika shuleni, wengi wanabaki peke yao. Walimu watatu wa kartie moja wakikutana Jumamosi moja kwa mwezi, kila mmoja akileta hadithi moja na orodha ya makosa aliyosikia, tayari hiyo ni semina. Hakuna perdiem, lakini hakuna pia wa kuwazuia.

Na sisi wazazi?

Mzazi asiyejua Kiingereza anafikiri hana la kufanya. Analo. Ongea na mtoto lugha yako muzuri, umpe hadithi, umuulize sababu, kwa sababu lile wazo litamfuata katika lugha zingine. Jioni, muulize maneno matano aliyojifunza na akueleze maana yake kwa Kiswahili. Wewe huna haja ya kujua kama amesema sahihi, yeye ndiye anakumbuka. Mama mwenye kuuza ndizi anaweza kufanya hiyo akiwa anamenya ndizi.

Usimcheke akikosea. Kicheko cha nyumbani kinafunga mdomo kuliko fimbo ya shuleni. Na ukilipia masomo ya jioni, usiulize tu bei. Uliza: mtoto wangu ataongea mara ngapi kwa saa? Atasoma nini? Kama jibu ni "tutamaliza gramari yote kwa miezi mitatu", shika pesa yako.

Ninarudi kwa ule mkutano wa wanahabari. Leo ninaweza kuuliza swali kwa Kiingereza, pole pole, na makosa yangu. Nilijifunza kisha, kwa kusoma habari fupi kila asubuhi na kwa kuongea na madereva wa malori kutoka Kenya, ambao walikuwa wananicheka na kunisaidia wakati ule ule. Ilinichukua miaka ambayo shule ilikuwa imekwisha kula. Wale wakulima ambao swali lao halikuulizwa, hawakujua hata kwamba lilikuwepo.

Watoto wanaoimba "I am, you are, he is" asubuhi hii, mmoja wao atasimama siku moja mbele ya mtu wa forodha, ama daktari mgeni, ama afisa, akiwa na swali letu kichwani. Pengine atakuwa ameketi nyuma ya darasa, karibu na dirisha, yule ambaye hajibu haraka. Mwalimu, mungojee sekunde tatu.